Unabeua sana? Kabla ya kununua dawa, tazama unavyokula

Dokta, mimi ni dereva wa Hiace, Arusha–Moshi. Kila nikila nabeua mpaka abiria wananigeukia. Nitajie dawa ya vidonda vya tumbo nikanunue.

Nani kakwambia una vidonda? Kila wiki naombwa dawa ya vidonda vya tumbo na watu ambao hawajawahi kupimwa, na nimechoka kurudia: kubeua peke yake hakuthibitishi vidonda. Mara nyingi unachobeua ni hewa uliyoimeza mwenyewe. Gari likisubiri kujaa, unapiga sahani ya ndizi nyama haraka haraka huku simu iko sikioni, unashushia na soda baridi, kisha unatafuna bigijii mpaka Usa River. Kila tonge linaingia na hewa, soda inaongeza gesi yake, na bigijii inakumezesha hewa njia nzima. Sigara ni hivyo hivyo.

Omeprazo, hiyo dawa ya vidonda mnayoikimbilia, inapunguza asidi ya tumbo, hewa haiigusi. Kwa wiki mbili acha soda, bia na bigijii. Kula umetulia, tafuna vizuri, simu weka mbali. Kama kifua bado kinawaka au tumbo linauma, kapime choo kuangalia bakteria wa H. pylori, anayeweza kuleta vidonda. Usimeze omeprazo wiki mbili kabla ya kipimo, wala antibiotiki wiki nne, la sivyo utaambiwa huna bakteria huyo, kumbe yumo tumboni. Akionekana, dozi kwa kawaida ni ya siku 14, na unaimaliza. Wanaokuuzia poda ya vidonda stendi hawajui tumbo lako lina nini.

Magadi kidogo kwenye maji hunipa nafuu. Yana madhara?

Magadi yakikutana na asidi ya tumbo hutoa kaboni dayoksaidi. Hiyo ndiyo unayobeua ukadhani umepona. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asiyaguse.

Nikila kiburu au makande najaa gesi. Niache maharage?

Usiache! Gesi ya maharage inatengenezwa kwenye utumbo mpana, na njia yake ni ya chini. Loweka usiku kucha, maji yale mwaga, chemsha kwa maji mapya.

Nabeua na kifua kinabana nikipanda ngazi.

Hesabu kwamba ni moyo mpaka vipimo viseme vingine. Nenda hospitali leo.

Vipi vidonge vya tangawizi, mnanaa na mkaa?

Tangawizi ya jikoni inatosha, na inasaidia kichefuchefu zaidi kuliko kubeua. Mnanaa hulegeza mlango wa juu wa tumbo, kwa hiyo mwenye kiungulia anaweza kuzidishiwa. Mkaa unanyonya dawa nyingine unazomeza, na hilo muuzaji hakwambii. Kama maziwa ndiyo yanakusumbua, jaribu mtindi kabla ya kupoteza hela kwenye vichupa.

Nina miaka 19, nasoma chuo hapa Arusha. Mitihani ikikaribia nabeua mfululizo, nikilala kunakoma. Nimemaliza dozi tatu za vidonda bila nafuu.

Mwanangu, huko kukoma ukilala kunanieleza mengi. Inaelekea hewa inavutwa hadi kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na kusukumwa nje kabla ya kufika tumboni, bila wewe kukusudia, na wasiwasi unaichochea. Dawa yake ni pumzi. Lala chali, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta pumzi taratibu kwa pua mpaka mkono wa chini uinuke na wa juu utulie, kisha itoe polepole, mdomo wazi kidogo. Fanya dakika tano kabla na baada ya kula, na kila hamu ya kubeua ikija. Usijilazimishe kubeua ili upate nafuu, kwa sababu unaingiza hewa nyingine. Aliyekupa dozi tatu bila kipimo amekukosea.

Shikamoo dokta. Baba ana miaka 66, yuko Machame. Anabeua sana, amekonda, ugali unamkwama, sasa anakula mtori tu. Tumpe kirutubisho gani?

Marahaba. Hakuna kirutubisho hapo. Wiki hii hii apelekwe hospitali, Mawenzi au KCMC, aangaliwe umio kwa kamera. Chakula kukwama na mtu kukonda ni dalili za hatari, sawa na kutapika damu au choo cheusi kama lami. Mtori unawadanganya nyumbani kwa sababu unapita, mkaona mzee anakula.

Kilimanjaro imo katika ukanda wa Afrika Mashariki wenye saratani nyingi ya umio. Watafiti waliopima chai ya wakazi wa mkoa huu, wakachapisha mwaka 2015, walikuta watu wanaanza kuinywa ikiwa na nyuzi joto karibu 70. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Basi chai ya maziwa na ipoe kwanza, ya mzee na ya watoto.

Mkifika, mwelezeni daktari ugali ulianza kukwama lini na kama wali nao unakwama, kama anavuta sigara, anakunywa nini. Bebeni na dawa zote alizokuwa akimeza, hata za kienyeji.