Kwa nini kimelea cha kipindupindu kimepinda

Dada, umeuliza kwa nini kimelea cha kipindupindu kimepinda kama koma, na nini kinakizuia kisizidi kurefuka. Ukiwa mwaloni Kirumba, kule Mwanza, tazama wavu wa dagaa. Ukuta wa bakteria ni wavu hivyohivyo: nyuzi za sukari zilizofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya protini. Ukiuyeyusha, bakteria mwenye umbo la kijiti huvimba akawa duara. Kwenye maji matupu hupasuka kabisa. Basi umbo ni suala la wapi macho mapya ya wavu yanafumwa. Huyu wako ana uzi wa protini iitwayo CrvA upande mmoja. Upande huo ufumaji unasuasua, wa pili unatangulia, mwili unapinda. Ukimnyang'anya uzi huo ananyooka.

Ukubwa ndio unaonichekesha, maana hawa hawana rula. E. koli, bakteria wa utumboni aliyechunguzwa zaidi, huongeza karibu urefu uleule tangu azaliwe, kisha pete ya protini FtsZ inambana kiunoni anagawanyika. Azaliwe mrefu au mfupi, nyongeza ni ileile, kwa hiyo baada ya vizazi vichache wanalingana. Chakula kikiwa tele, nyongeza nayo hukua.