Darasa la awali, watoto 64, mwalimu mmoja: anzia kwenye uji, daftari baadaye

Mwalimu mwenzangu, nimekuelewa hivi: umepangiwa darasa la awali katika shule ya uswahilini, una watoto 64 chumba kimoja, vitabu na zana hakuna, mchana unakuwa hoi, na wazazi wanalalamika kwamba daftari halina kitu. Waliotangulia wamekujibu "vumilia, ualimu ni wito". Wito haupiki uji. Ngoja nikujibu kwa vipimo.

Kiwango cha serikali ya Tanzania kwa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 madarasa haya yamefurika, hasa mijini, na hakuna atakayekuletea msaidizi kesho asubuhi. Basi usijaribu kuwafundisha watoto 64 kwa pamoja. Hawafundishiki, utaishia kuwaimbisha. Kundi la watoto 16 linafundishika. Kazi yako ni kutengeneza makundi manne, matatu yajiendeshe, wewe ukae na moja.

Ila makundi hayasimami kama matumbo ni matupu. Mtoto wa mama lishe au wa kibarua wa sokoni huamshwa alfajiri mzazi anapotoka, chai kavu ikiwepo ni bahati. Ratiba nyingi zinaweka uji saa 4. Liangalie darasa saa 3 na nusu: mmoja kalalia mikono, mwingine anatafuna kola ya shati, wawili wanagombania kipande cha muhogo kilichookotwa chini, na yupo anayelia ukimuuliza kisa hana. Tunawaandika "mzito", "mtukutu". Njaa hiyo. Uji uwe saa 2 na nusu, ukimaliza kuita majina tu, na kazi ya kichwa ifuate saa 3. Badiliko hili halina gharama yoyote zaidi ya kumbembeleza mwalimu mkuu na mpishi, na ndilo litakalokupa nafuu kubwa kuliko yote nitakayoandika hapa chini.

Vipimo: kikombe cha robo lita kwa watoto 64 ni lita 16. Unga kilo 2, sukari nusu kilo, karanga zilizokaangwa na kusagwa nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai. Sufuria isiwe chini ya lita 20, la sivyo uji utafoka na kumwagikia moto. Chemsha lita 13 za maji. Lita 4 nyingine ziwe baridi, ukorogee unga humo kwenye ndoo mpaka madonge yaishe (jumla 17, lita moja itaondoka na mvuke). Mmoja amimine taratibu, mwingine akoroge bila kuacha. Ukishachemka punguza kuni, upike dakika 20 zaidi, na karanga na sukari viingie dakika 5 za mwisho. Madonge hutokea pale mpishi anapotupia unga mkavu kwenye maji yanayotokota, na uji huungua chini kwa sababu ya kuni nyingi mwanzoni.

Unga wenyewe usikusumbue. Ile "lishe" ya nafaka kumi inayosifiwa sokoni ni hela ya bure. Mahindi, mtama, uwele, mchele na ngano vyote kwa sehemu kubwa ni wanga, kuvirundika pamoja hakumwongezei mtoto kitu kikubwa. Mahindi au ulezi kilo 3 kwa soya kilo 1 inatosha. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe na kuanikwa kabla ya kupelekwa mashine, maana soya mbichi inalizuia tumbo kusaga protini na inaharisha. Karanga usizisage pamoja na unga. Mafuta yake yanauharibu ndani ya wiki chache, na unga wa karanga uliokaa kwenye stoo yenye unyevu ni nyumba ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Sumukuvu haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Chambua punje kwa mkono: iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, na usiwape kuku. Waulize wazazi mapema nani mtoto wake huvimba au kubanwa kifua akila karanga. Huyo atengewe uji kabla karanga hazijaingia.

Watoto wasipange foleni mbele ya sufuria. Uji umiminwe vikombeni, upoe robo saa, ndipo wapelekewe walipokaa.

Kunawa nako kuna hesabu yake. Bomba moja kwa watoto 64, kila mmoja sekunde 20, ni zaidi ya dakika 20 za kusukumana. Tengeneza vibuyu chirizi vinne, yaani madumu ya kunawia yanayoinamishwa kwa kukanyaga kijiti. Chukua dumu la lita 5, toboa tundu moja kwa msumari wa moto, sentimita 10 hadi 12 chini ya mdomo, upande ulio mkabala na mpini. Lining'inize kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda, usawa wa kifua cha mtoto, si chako. Kamba itoke shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, ncha ya kijiti iinuke sentimita 15 toka ardhini. Mwaga kokoto chini ili pasiwe na tope. Sabuni ya mche ikate vipande, vitie kwenye wavu wa vitunguu na kuufunga juu. Kipande kikiachwa wazi kitaondoka siku hiyohiyo. Tundu likiwa kubwa kuliko msumari wa inchi 3, dumu linakauka baada ya watoto kumi. Nguzo zipake oili chafu sehemu inayozikwa, vinginevyo mchwa watazimaliza kabla muhula haujaisha.

Sasa makundi. Vipindi vya awali ni dakika 20, kwa hiyo kona nne (sehemu nne za darasa, kila moja na kazi na zana zake) ni saa 1 na dakika 20, kila kundi likipita zote. Kosa la kawaida ni kufungua kona zote nne Jumatatu ya kwanza. Kufika Jumanne umegeuka hakimu wa kugawa vizibo. Fungua moja kwa wiki. Wiki nzima darasa lote linajifunza kona hiyo tu: kuchukua, kutumia, kurudisha. Kurudisha ndiko kunakochukua muda, na usipokufundisha kama somo hutakupata. Wiki ya tano ndipo unaanza kuzungusha. Alama ya kubadilisha iwe sauti moja, kopo likigongwa mara tatu, mikono yote inapanda kichwani. Ukipaza sauti juu ya watoto 64, nao wanapaza zaidi.

Zana zipo mtaani, ila chagua. Kiroba cha sukari kikioshwa na kutandazwa ni chati isiyochanika, unaandika kwa makapeni na kuining'iniza. Maboksi ya mafuta ya kupikia yakate yabaki na kimo cha sentimita 5, tandika nailoni, mwaga mchanga uliochekechwa na kukauka kina cha sentimita 1. Masanduku manane yanatosha watoto 16 wawili wawili. Mmoja anaandika kwa kidole, mwenzake anasoma na kufuta. Yafunike jioni, paka wa mtaani wanauona mchanga huo kama choo. Udongo wa kufinyanga tumia wa kichuguu, ulowekwe usiku kucha na kupondwa. Kwenye mafunzo wanasema kanda unga wa ngano na chumvi. Usithubutu. Mama aliyelala bila kula akimkuta mwanawe anachezea unga, utakosa la kumwambia, na watoto wenyewe wataula.

Maharage na punje za mahindi usizitumie kuhesabia. Zinaingia puani na masikioni, na zikipata unyevu zinavimba. Ikitokea, usichokoe kwa kijiti wala kumwagia maji sikioni, mpeleke zahanati. Vizibo vya soda ni vikubwa kidogo, lakini vigonge kingo kwa nyundo zilale, na bado viwe kona unayokaa wewe.

Kwa namba hakuna zana inayoshinda mdako. Chimba vishimo vinne, kila kimoja kete 5 za kokoto kubwa kama ndimu. Mtoto anarusha moja juu, anachota zilizo shimoni, anadaka. Kisha anarusha tena na kurudisha zote isipokuwa moja. Hapo ndipo unaposimamisha mchezo: nje ziko ngapi? Shimoni zimebaki ngapi? Asihesabu, akisie kwanza, ndipo achungulie. Baada ya wiki mbili mtoto anajua kwamba 5 ni 1 na 4, ni 2 na 3, bila ubao. Ndipo unaongeza hadi kete 10. Anayeimba moja hadi mia moja halafu ukamwomba akupe vizibo 7 akakumbatia vyote, huyo amekariri wimbo.

Na msiwadharau. Mtoto anayetumwa genge kununua nyanya na kurudi na chenji kamili ana hesabu ambayo mtoto wa kwenye geti hana. Ndiyo maana kona ya duka inajiendesha yenyewe: maboksi matupu ya majani ya chai na sabuni, noti za kukata kwenye karatasi, na utasikia wakikataa kukopeshana kwa sauti za mama zao.

Herufi: fundisha sauti, si majina. "Mmm", si "ema", kwa sababu "ema" na "a" haviungani kuwa "ma". Anza na irabu tano, kisha m, k, t, n, l, herufi mbili kwa wiki. Irabu tano na konsonanti tano zinakupa silabi 25, na hapo tayari una mama, kuku, meno, tano, kalamu. Kipimo: zigonge kwenye chati bila kufuata mpangilio. Darasa linaloitikia kwa pamoja linakudanganya. Watoto kumi wanajua, wengine 54 wanafuata midomo. Kila siku pima watoto sita tu, mmoja mmoja, wakati wenzao wako kona nyingine. Ndani ya siku 11 za shule umewapitia wote, na jina la kila mmoja lina alama mbele yake.

Daftari ndilo linalowagombanisha na wazazi. Vidole vya miaka mitano vikilazimishwa penseli mapema vinaweza kuishia kuikamata kwa ngumi, na kuivunja hiyo darasa la pili ni kazi. Mchanga na udongo kwanza, penseli muhula wa pili. Lakini mzazi hajakosea kuuliza. Daftari ndiyo risiti pekee anayoiona. Mpe risiti nyingine. Anapokuja kumchukua mtoto, weka vizibo 10 mezani, mwambie mtoto ampe mama vinne, aseme vimebaki vingapi. Ijumaa mpe karatasi moja ya mchoro yenye jina lake. Wanaotaka Kiingereza, waambie kweli: darasa la kwanza katika shule nyingi za serikali linasomwa kwa Kiswahili, na mtoto asiyeweza kusimulia jana alikula nini kwa lugha yake hatasimulia kwa ya mgeni. Mikutano usiite saa 4 asubuhi. Mama lishe yuko jikoni.

Kuhusu mchango wa uji, usikusanye hela mkononi mwako. Upite kikao cha wazazi na kamati ya shule, na mahesabu yabandikwe ukutani. Kipato cha kutwa kinalipika kwa kutwa au kwa wiki, kwa hiyo kubali vidogo vidogo, na asiye na hela alete kuni au aje kukoroga uji siku moja kwa wiki. Majina ya wasiolipa hayasomwi mbele ya watoto. Na mtoto hanyimwi kikombe kwa deni la mzazi, hata mara moja, maana akishaona wenzake wanakunywa yeye anatazama, kesho haji.

Mapunye utakutana nayo kila wiki. Dawa ya kupaka peke yake haimalizi yaliyo kichwani, yanahitaji vidonge, kwa hiyo aende zahanati. Asifukuzwe shule, zuia kupeana kofia na vitana, na kinyozi asitumie wembe mmoja kwa watoto wote.

La mwisho ni zito. Ukiona michubuko yenye umbo la mkanda au waya, mtoto anayekataa kuvuliwa nguo au kupelekwa chooni, au anayecheza michezo ya kikubwa na wanasesere, usimhoji mbele ya wenzake wala usimwite mzazi kwanza kabla hujajua nani anahusika. Andika tarehe, ulichoona, na maneno yake kama alivyoyasema. Mweleze mwalimu mkuu, kisha afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa, haikutaki uthibitishe.

Mvua zikikata njia na watoto wakawa 40 tu, uji ni lita 10, unga kilo 1 na robo, karanga na sukari punguza hadi gramu 300 kila kimoja. Usiupike wa 64 ukalaze uliobaki.