Kwa luteni wa vifaru anayetamani kufika juu

Kila ninapoalikwa kuzungumza na luteni wapya wa vikosi vya vifaru, swali huwa lile lile: nifanye nini nifike ujenerali? Wanataka kujua waombe kozi ipi kwanza, wawe karibu na mkuu yupi, waondoke kikosini lini kwenda makao makuu. Mimi nimeshastaafu. Nimeongoza vifaru, nimevifundisha, na kwa miaka mingi nimesoma maisha ya makamanda wa vifaru wa nchi mbalimbali, kwa sababu na mimi nililibeba swali hilo tangu ujana. Jibu ninalowapa ni kwamba wakae ndani ya kifaru muda mrefu kuliko wanavyotamani. Makamanda waliofika juu na heshima yao ikadumu, walio wengi, walikuwa mafundi wa kazi yenyewe kabla ya kuwa watu wa ramani na vikao.

Nianze na India, maana huko ndiko nilikoelewa jambo hili vizuri. Chuo chao cha vifaru kiko Ahmednagar, mji ambao sasa huitwa rasmi Ahilyanagar, katika jimbo la Maharashtra, na hupokea pia maafisa kutoka nchi rafiki. Nilipokuwa kozini huko, kilichonigusa kuliko darasa lolote ni kifaru kimoja cha aina ya Centurion kinachohifadhiwa pale, kiitwacho Famagusta. Ndicho alichokuwa nacho Luteni wa Pili Arun Khetarpal, kijana wa miaka 21. Alipewa kamisheni Juni 1971, akapelekwa Ahmednagar kwenye kozi ya maafisa wapya, na kozi haijaisha akaitwa arudi kikosini kwake, Poona Horse, kwa kuwa vita na Pakistan ilikuwa imekaribia. Tarehe 16 Desemba mwaka huo, ng'ambo ya mto Basantar, vifaru vya Pakistan vilipokuja kwa mashambulizi ya kujibu, Khetarpal alivipiga kimoja baada ya kingine mpaka chake nacho kikapigwa na kushika moto. Mkubwa wake alimwamuru kwa redio atoke. Akajibu kwamba mzinga wake bado unafanya kazi. Alifia humo, na baadaye akatunukiwa Param Vir Chakra, nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa vita nchini India.

Vijana wakiisikia habari hiyo hukumbuka ushujaa tu. Mimi huwaomba watazame walio juu yake siku ile. Kamanda wa Poona Horse alikuwa Luteni Kanali Hanut Singh. Brigedi ya vifaru ambayo Poona Horse ilikuwa ndani yake iliongozwa na Brigedia Arun Vaidya. Wote wawili walipata Maha Vir Chakra, nishani inayofuata Param Vir Chakra, kwa vita hiyo, na kwa Vaidya ilikuwa mara ya pili. Baada ya hapo njia zao zikaachana. Vaidya alikuja kuwa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu la India kuanzia 1983 hadi mwanzoni mwa 1986. Hanut aliishia luteni jenerali.

Sasa angalia walikotoka. Vaidya alipata nishani yake ya kwanza mwaka 1965, akiwa kamanda wa kikosi cha vifaru cha Deccan Horse katika mapigano ya Asal Uttar, Punjab. Pakistan ilikuja na vifaru vya Patton kutoka Marekani, vipya kwa wakati ule na vyenye vifaa vya kulenga vya kisasa. Yeye alikuwa na Sherman, vifaru vya tangu Vita Kuu ya Pili. Wahindi walijificha katika mashamba ya miwa, maji yakafunguliwa yakalowesha ardhi, Patton zikanasa kwenye tope na zikapigwa kutoka ubavuni kwa umbali mfupi. Huwezi kushinda hivyo kwa kifaru cha zamani kama hujui kwa hakika mzinga wako unatoboa chuma cha adui wapi na kwa umbali gani, au kama wafanyakazi wako hawawezi kuzuia kidole mpaka uwaambie. Mambo hayo hujifunzwa kwenye uwanja wa shabaha, kwa kurudia na kurudia, pamoja na askari wale wale.

Hanut naye alikuwa mwalimu hasa. Alifundisha Ahmednagar akiwa afisa kijana, na kikosi alichokiongoza Basantar kilikuwa kimenolewa kwa upigaji. Ndiyo maana aliweza kuamuru kwamba hakuna kifaru kitakachorudi nyuma na kila kimoja kipigane kilipo. Amri kama hiyo ikitoka kwa kamanda asiyejua uwezo wa watu wake, ni kuwaua bure.

Hapa ndipo nawashauri jambo ambalo wengi hulikimbia. Ukipangiwa chuoni kuwa mkufunzi wa upigaji, nenda kwa moyo mweupe. Nimeona maafisa wakilia kwa mabosi wao wafutiwe uhamisho huo, wakidhani wanatupwa pembeni. Mimi nasema ndiyo miaka inayojenga mtu, kwa sababu unalazimika kueleza kila siku, mbele ya watu wanaokutazama usoni, kwa nini kombora limekwenda juu au chini.

Israel Tal wa Israel ni mfano mwingine. Alianza akiwa askari wa kawaida wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1956 alikuwa bado kamanda wa brigedi ya askari wa miguu. Alipokabidhiwa kamandi ya vifaru mwishoni mwa 1964, siku hizo hizo kulitokea mapambano mpakani na Syria, na Centurion za Israel zikarusha makombora mengi bila kuangamiza kifaru hata kimoja cha upande wa pili. Wafanyakazi walikuwa wamekwishaanza kuinung'unikia Centurion yenyewe kwamba ni mbovu. Tal hakuomba vifaru vipya. Alisisitiza nidhamu ya matunzo: kitabu cha maelekezo kifuatwe neno kwa neno, vipimo vya kulenga vikaguliwe, upigaji wa masafa marefu ufanywe upya mpaka uive. Mwaka 1967 aliongoza divisheni yake Sinai, na baadaye akasimamia utengenezaji wa Merkava, kifaru kilichoingia jeshini 1979, injini ikiwa mbele ili iwe kinga ya ziada kwa waliomo ndani. Aliyekwenda hadi kwenye michoro ya kiwanda ni yule yule aliyeng'ang'ania vipimo.

Kwa hiyo luteni, ingia karakana. Uwe pale mafundi wanapobadilisha minyororo, wakati wa mafuta, wakati wa kuvuta injini. Mjue dereva wako analala saa ngapi. Kifaru kina watu wachache, wanne mara nyingi, na mmoja akichoka wote wamechoka. Nilipokuwa kamanda wa platuni nilikuwa na daftari la kila kifaru: kilichoharibika, nani alikigundua, kilitengenezwa kwa siku ngapi. Nilipopanda cheo na kuingia kwenye vikao vya ugavi, daftari lile lilinisaidia kuliko vyeti vyangu, maana nilikuwa na ushahidi wangu mwenyewe pale wengine walipokuwa na maoni.

Chuo cha unadhimu, kile kinachofundisha maafisa kazi za makao makuu, utakwenda, usikikwepe. Creighton Abrams wa Marekani anajulikana kwa siku moja, tarehe 26 Desemba 1944, kikosi chake cha vifaru cha 37 kilipofungua njia ya kuwafikia askari waliozingirwa Bastogne, Ubelgiji. Alikuwa luteni kanali wa miaka 30. Lakini ukifuatilia miaka iliyofuata utaona mwendo wa subira: alifundisha mbinu za vita katika shule ya vifaru ya Fort Knox, akarudi kuamuru kikosi cha vifaru Ujerumani, akasoma chuo cha vita, akafanya kazi ya unadhimu Korea, akarudi tena Fort Knox, na miaka ya 1960 ilipoanza akaongoza Divisheni ya 3 ya Vifaru. Alifika kuwa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu mwaka 1972, akafa akiwa kazini 1974. Alikwenda ofisini na kurudi kwenye vifaru, akaenda tena na kurudi tena. Huo ndio mwendo ninaoupendekeza. Afisa anayeondoka kikosini akiwa kapteni na kurudi akiwa kamanda wa brigedi atakuwa anaongoza kwa kumbukumbu, na vifaru vitakuwa vimeshabadilika.

Kuna jambo moja sitalizungushia maneno. Kamanda wa vifaru ana nguvu ambayo wanasiasa huiogopa na wengine huitamani. Zia-ul-Haq wa Pakistan alikuwa afisa wa vifaru, aliongoza Divisheni ya 1 ya Vifaru kule Multan, akafanywa mkuu wa jeshi 1976 akipewa cheo mbele ya waliomtangulia. Julai 1977 akampindua waziri mkuu aliyempandisha. Barani kwetu tumeona vifaru vikisimama mbele ya ikulu na vituo vya redio mara nyingi mno. Mwanasiasa akianza kukupigia simu wewe kanali moja kwa moja, mjulishe mkuu wako siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Usipokee mwaliko wa chakula kwake peke yako. Kazi yako ni kulinda nchi, na raia wanapaswa kuiona mizinga yenu kwenye gwaride tu.

Halafu kuna kunyimwa cheo. Wengi wenu litawafika hili, maana ngazi za juu ni chache, na hapa ndipo ninapotamani mnisikilize zaidi. Hanut aliongoza divisheni ya vifaru, kisha kikosi kikuu cha mashambulizi katika mazoezi makubwa ya Brasstacks ya 1986 na 1987, lakini hakupewa ngazi iliyofuata. Alimalizia utumishi mwaka 1991 akiwa mkuu wa chuo cha Ahmednagar, mahali anapopita kila afisa mpya wa vifaru wa India. Nilipokuwa pale, wakufunzi walikuwa bado wakilitaja jina lake darasani kama hoja ya mwisho ya ubishi.

Percy Hobart wa Uingereza aliumizwa zaidi. Mwaka 1938 alipelekwa Misri kuunda kikosi ambacho baadaye kilikuwa Divisheni ya 7 ya Vifaru. Alikuwa mkali, akigombana na wakubwa wake kuhusu matumizi ya vifaru, na mwishoni mwa 1939 akaondolewa, kisha akastaafishwa akiwa meja jenerali. Vita ilipopamba moto alijiunga na walinzi wa kujitolea kijijini kwake Chipping Campden, akiwa na cheo cha koplo mdogo. Churchill alimrudisha kazini 1941. Alifundisha Divisheni ya 11, kisha akakabidhiwa Divisheni ya 79 iliyobuni vifaru vya kazi maalumu: vya kufyeka mabomu ya ardhini kwa minyororo inayozunguka, vya kutandika madaraja, vya kurusha moto. Juni 1944 vilitua na askari kwenye fukwe za Normandy.

Hobart alikubali cheo cha koplo kwa sababu kulikuwa na watu wa kufundishwa. Nimewahi kukaa na maafisa walionyimwa cheo wakaacha kwenda uwanjani na kuanza kuhesabu miezi ya pensheni, na askari wao wakaharibika ndani ya mwaka mmoja. Orodha ya vyeo ikitoka na jina lako halimo, lia nyumbani na mkeo au mumeo jioni hiyo. Asubuhi nenda kwenye uwanja wa shabaha, kaa kwenye kiti cha mpiga mzinga, mwambie sajenti akukosoe. Wiki hiyo hiyo andika barua ya kuomba kupelekwa chuoni.