Baba alimaliza dozi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, mama yuko kijijini, ana presha, ameacha dawa mwezi wa pili sasa. Anasema amepona. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Nifanyeje?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu, nikaweka simu chini, nikalia. Mimi pia niligombeza.

Baba yangu anajua kusoma na kuandika. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia mzee wa kijijini ameacha dawa, haraka wanasema hakusoma. Baba alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima miaka mingi, na hesabu zake hazikuwahi kupishana. Siku alipopimwa zahanati presha ilikuwa 170 kwa 100. Akapewa bahasha ya vidonge 30, imeandikwa 1x1. "Umeelewa, mzee?" "Ndiyo." Akameza kimoja kila siku, hakuruka hata siku moja. Siku ya 31 akaacha, kwa sababu dozi imekwisha.

Maisha yake yote ameambiwa "maliza dozi". Dawa mseto ya malaria humezwa siku 3. Za kifua siku 5, siku 7. Kwake dozi ni kitu chenye mwisho, na anayeufikia huo mwisho ndiye mgonjwa mtiifu. Baba alitii! Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ya presha huishikilia tu isipande, na ukiiacha inapanda tena. Wala hakujua kwamba presha kwa kawaida haiumi, kwamba mtu anaweza kuwa juu ya 140 kwa 90 miaka na miaka huku analima na kucheka. Kwa hiyo alipojisikia mzima, aliamini amepona.

Niligundua baada ya miezi 4. Nikapiga simu, nikafoka. Nilimwambia baba yangu mzazi kuwa ni mkaidi. Akanyamaza. Zahanati hakurudi, angeendaje kukiri mbele ya watu kosa asilolielewa? Wiki 3 baadaye alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Ule mkono wa kuandikia.

Miezi ya mazoezi siisimulii. Ninachotaka mjue ni kwamba ukimya wake kwenye simu bado nausikia, na kwamba katika kufoka kote kule sikumuuliza swali moja: baba, ulielezwaje?

Swali hilo sasa ndilo kazi yangu. Kila mwezi nakaa na watu wazima kijijini, kila mmoja na bahasha zake za dawa, na ninajivunia kikao kile kuliko cheti chochote nilicho nacho. Sianzi kwa kufundisha. Namwambia mtu, "Hebu nionyeshe utakavyomeza hii." Mama mmoja aliyeandikiwa 1x3 alimimina vidonge vitatu kiganjani, avimeze kwa mpigo. Mwenye kosa ni nani hapo? Shuleni tulifundishwa kuwa moja mara tatu ni tatu. Tulikaa naye tukapanga saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, na tangu siku ile hatujarudia somo. Mwingine alifurahi kuambiwa kipimo chake ni chanya, yaani ugonjwa umeonekana, kwa kuwa redioni "mtazamo chanya" ni jambo jema. Maneno yetu ya hospitali yana mitego, jamani.

Kwa hiyo enyi wauguzi, madaktari, na sisi watoto tuliokwenda mjini: acheni kuuliza "umeelewa?" Mtu mzima ataitikia ndiyo kwa heshima, kwa aibu, kwa kuwa foleni ni ndefu nyuma yake. Sema, "Nataka kujua kama nimekueleza vizuri, hebu niambie ukifika nyumbani utafanyaje." Hapo mzigo ni wako, si wake. Akikosea, eleza upya kwa maneno mengine, kisha muulize tena. Haichukui muda mrefu. Msiniambie hamna muda. Muda wa kumuuguza aliyepooza mtaupata wapi?

Na wewe uliyeniandikia. Usimpigie mama leo ukiwa na hasira. Mpigie kesho, anza kwa kumwomba radhi, kisha muulize siku alipopewa dawa aliambiwa nini. Msikilize mpaka amalize. Nina hakika kuna mahali atasema neno "dozi" au "kupona", na hapo ndipo pa kuanzia. Mwambie dawa hii haina siku ya kumaliza, mpaka daktari mwenyewe aseme. Halafu apelekwe kupimwa kabla hajameza chochote kilichobaki kabatini. Asiende peke yake. Mtu atakayeandamana naye amwombe mhudumu aeleze, na mama arudie kwa kinywa chake palepale.

Kisha niandikie alichokujibu, neno kwa neno.