Barua kwa mwanangu: umechoka na kazi au na wodi?

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Uliponipigia simu juma lililopita, ukiwa umetoka zamu ya usiku huko Kisumu, uliniuliza iwapo ni uuguzi uliokuchosha au ni wodi unayofanyia kazi. Sikukujibu papo hapo, kwa sababu swali hilo nami nililibeba miaka mingi bila kulitamka.

Katika wodi yangu ya kwanza nilichelewa kumpa mtoto dawa ya saa sita usiku, kwa kuwa nilikuwa peke yangu na wagonjwa zaidi ya thelathini, nikaliandika kosa hilo mwenyewe. Asubuhi, tulipokuwa tukikabidhiana zamu, msimamizi alinipa kitabu cha ripoti nikisome kwa sauti mbele ya wanafunzi na kina mama waliokaa vitandani. Mtoto hakudhurika, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeandika kosa tena: saa ziliandikwa zilivyotakiwa, si zilivyokuwa, nasi tukawa tunaogopana kuliko tulivyouogopa ugonjwa.

Baadaye nilihamishwa. Wagonjwa hawakupungua, na mshahara ulikuwa uleule. Ila msimamizi wa huko alipanga ratiba ya zamu mbele yetu sote, na usiku tulipompoteza mtoto alituletea chupa ya chai, akaketi nasi kwenye benchi kabla ya yeyote kurudi kwenye mafaili. Mchana ule nilipata usingizi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii hutokana na mkazo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa, wala halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kujiona hufai. Ninasisitiza neno kazini, kwani sisi wauguzi huambiwa uchovu ni upungufu wa wito. Hata mgomo wetu wa 2017, uliodumu tangu Juni hadi Novemba, ulidai haki yetu ya malipo, lakini sijaona mkataba unaotaja kukaripiwa mbele ya wagonjwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu, andika ya kuomba uhamisho wa wodi. Ikiwa usingizi haurudi hata siku za mapumziko, mwone daktari au mshauri nasaha asiye wa hospitali yenu, na tafadhali usijitibu kwa vidonge vya kabatini. Nimewaona wenzangu wakianza hivyo. Ukipata nafasi Jumamosi, panda matatu uje, na ubebe ratiba yako ya zamu tuitazame pamoja.

Mama yako