Farasi wangu ana kiburi, nimpakie gunia la kilo ngapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimenunua farasi dume wa miezi 22 kutoka bara na sasa niko naye Diani. Nataka Desemba aanze kupandwa na watalii ufukweni. Kushikwa anakubali, kamba anaijua, ila nikimwekea kitu chochote mgongoni anaruka mpaka kianguke. Fundi mmoja ameniambia ana kiburi na lazima kivunjwe: nimfunge mnazini siku nzima bila maji, nimpakie gunia la mchanga, kisha nimwingize baharini hadi kifuani apandwe humo humo. Anasema siku 4 zinatosha. Nianze na kilo 30 au 50? Na tandiko ninunue la ukubwa gani?

JIBU: Marahaba. Kilo sifuri.

Swali hili hunifikia kila msimu wa wageni ukikaribia, kinachobadilika ni uzito wa gunia tu. Na neno ni hilo hilo: kiburi. Nilianza usaisi, kazi ya kutunza farasi, nikiwa kijana huko Ngong, nimeshika farasi wa mbio, wa polo na wa kutembeza watoto, na farasi mwenye kiburi sijamwona bado. Nimewaona wenye woga, wenye mgongo unaouma, wenye jino bovu, na wengi sana waliofunzwa na mtu mwenye kiburi.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Kwa mababu zake, kitu kinachotua mgongoni ghafla kilikuwa na kucha na meno. Wako anaporuka anafanya kile kile kilichowafanya mababu zake wafike umri wa kuzaa. Halafu soma tena sentensi yako mwenyewe: anaruka mpaka kianguke. Ndugu yangu, hapo umeshamfunza. Amejifunza kwamba akiruka, kitu kinaondoka. Wewe ndiye mwalimu wa somo hilo, ingawa hukukusudia.

Farasi hajifunzi pale unapomsukuma au kumvuta, hujifunza pale unapomwachia. Ukivuta kamba, akapiga hatua moja mbele, nawe ukalegeza papo hapo, amepata jibu. Ukichelewa sekunde chache tu, hajui tena umemlegezea kwa lipi. Basi na mgongo uende hivyo hivyo. Chukua leso iliyokunjwa, mwoneshe ainuse, mguse nayo begani, iondoe angali ametulia. Rudia. Sogea kidogo kuelekea mgongoni, ondoa. Kazi yote iko kwenye kuondoa kabla hajafikiria kuruka. Ukiona shingo imekaza au pumzi imesimama umeshapita mpaka, kwa hiyo safari ijayo ishia nyuma kidogo ya hapo. Dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni, basi. Jioni usivute hadi jua likachwe kabisa, maana visubi wanaoeneza homa kali ya farasi hutoka saa hizo. Chanjo yake natumaini unayo.

Na fanya pande zote mbili. Macho ya farasi yako ubavuni, kila jicho lina dunia yake, na aliyezoea leso upande wa kushoto huenda akaishangaa upya kuliani. Masaisi wengi hawajui farasi ana upande wa kulia.

Sasa gunia. Farasi aliyefungiwa gunia atapiga mateke, atatoka jasho, atajigonga kwenye mnazi, na baada ya muda atasimama. Hapo fundi huweka mikono kiunoni akasema, “Umeona? Ameelewa.” Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Ameelewa kitu kimoja tu, kwamba lolote afanyalo halimsaidii. Amekata tamaa, na kukata tamaa kwa mbali kunafanana sana na utulivu.

Tofauti utaiona ukikaribia. Farasi aliyetulia kweli huchezesha masikio, moja kwako, jingine kwenye kelele za barabarani. Hupepesa macho, hushusha kichwa, humfukuza nzi kwa mkia. Aliyekata tamaa ana jicho la kioo. Masikio yameganda, pua imekaza, nzi wanamtembelea machoni wala hatikisiki. Watu hulipa pesa nyingi kwa farasi huyo wakisema ni mpole.

Niliwahi kuletewa jike la miaka 4 lililofunzwa kwa gunia. Mwenyewe aliliita malaika. Lilikuwa limebeba watoto karibu mwaka mzima bila tatizo, mpaka siku moja upepo ulipopeperusha mwavuli wa mtu. Lilikimbia kama vile mwaka ule haukuwapo, na aliyekuwa juu yake akavunjika mtulinga. Woga ulikuwa humo humo siku zote, hakuna aliyewahi kuutoa. Kulirudisha kulinichukua miezi 8. Lingeanzishwa vizuri, miezi 2 ingetosha.

Kuhusu bahari, fundi wako ana nusu ya ukweli. Ndani ya maji farasi hawezi kurusha mateke vizuri, kwa hiyo hakuangushi. Lakini anachojifunza ni kwamba hawezi majini. Akifika pakavu atajaribu tena, na pakavu anaweza. Ongeza chumvi chini ya mkanda wa tandiko, upate vidonda. Kumnyima maji ndio sitaki hata kukusikia ukilifikiria. Farasi hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na kwa joto la Pwani zaidi. Akikosa, kinyesi hukauka kikaziba utumbo, na kwa kuwa maumbile hayamruhusu kutapika, tumbo likimshika linaweza kumuua kabla daktari hajavuka kivuko cha Likoni.

Na hata angekuwa mtulivu kama mto, ni mtoto. Mfupa mchanga huwa na sehemu laini kwenye ncha, na hiyo ndiyo inayourefusha. Karibu na kwato sehemu hizo hukomaa mapema, kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Juu ya goti la mbele ni kama miaka 2 na nusu. Pingili za mgongo, pale pale unapotaka kukalisha mtalii, ndizo za mwisho, hata miaka 5 au 6. Utaniambia farasi wa mbio huanza na miaka 2. Ni kweli, na hubeba mtu mwepesi kwa muda mfupi, na bado wengi huumia. Wako atabebeshwa mtu mzima wa kilo 90 kwenye mchanga mzito, kuanzia saa 3 asubuhi hadi jua kutua.

Kwa hiyo Desemba hii mwachie farasi mwingine. Huyu mtembeze akiwa pembeni ya farasi mzee asiyeshangaa kitu, aone bodaboda, ngamia, miavuli na watoto wenye mipira. Mfunze kusimama, kurudi nyuma, kuinua kila mguu bila vita. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, usimtie sasa, maana karibu na miaka 2 na nusu meno yake ya mbele ya utoto yataanza kung’oka na mdomo utamuuma. Akitimiza miaka 3, mzoeshe mkanda tundu moja moja, kila ukikaza mtembeze kwanza, ndipo baadaye apandwe na mtu mwepesi kwa dakika chache. Tandiko usinunue, maana mgongo wa mwakani hautakuwa huu.

Huyo fundi wa siku 4 simjui, ila aina yake naijua, na si Diani peke yake. Siku hizi wamepata na sindano. Farasi huchomwa dawa ya kumlegeza asubuhi, mnunuzi akija saa 4 anakuta mnyama anasinzia, mdomo wa chini umening’inia, mtoto anapandishwa, picha zinapigwa, pesa zinahesabiwa. Jioni dawa inaisha. Dawa mojawapo inayotumika sana kwa kazi hiyo inaweza kumfanya dume uume wake ushuke usirudi tena, na wanaoichoma hawana hata cheti cha kumtibu kuku.

Ukienda kununua farasi “aliyekwisha funzwa”, au kumkabidhi fundi wa kwako, usipige simu kusema unakuja. Fika alfajiri kabla hajashikwa, uone anavyoshikwa. Mwombe fundi amtandike mbele yako, kisha apande kwa kutumia kikuku cha kulia, ile pete ya tandiko ya kukanyagia. Wengi watakwambia farasi hapandwi kulia. Na ukikuta ameshafungwa, ameshatandikwa, jasho limemkaukia shingoni, funga pesa zako urudi nyumbani.