Mashine inasema hewa imezidi, plagi zinasema mafuta yamezidi: nani mkweli?

Ndugu yangu wa Muheza, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu ugonjwa unaoueleza niliwahi kuishi nao. Umesema gari lako, Toyota IST ya injini ya lita 1.5, linatetemeka likiwa sailensa (yaani linanguruma bila kukanyagwa), taa ya injini haizimiki na mashine ya kusomea makosa imetoa namba P0171. Wakati huohuo mafuta yanakwisha haraka kuliko zamani, na plagi zilipofunguliwa zilikuwa nyeusi tii. Fundi wa kwanza aliiamini mashine, akakwambia hewa imezidi. Wa pili aliziamini plagi, akakwambia mafuta yamezidi. Na pamoja na ubishi wao wakakubaliana kwamba ununue sensa ya oksijeni. Naomba usiinunue kwanza. Mimi nilinunua mbili, na nitakueleza zilikoishia.

Petroli huungua vizuri inapochanganyika na hewa kwa uwiano wa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hewa ikizidi hapo mchanganyiko ni mwepesi, mafuta yakizidi ni mzito, na kazi ya kompyuta ya injini, ile wengi tunayoiita kontroli boksi, ni kuurudisha uwiano huo kila wakati kwa kuongeza au kupunguza muda wa nozeli kumwaga mafuta. Tatizo ni kwamba kompyuta haiuoni moto uliomo ndani ya silinda. Inachopata ni taarifa ya sensa iliyochomekwa kwenye ekzosi, na sensa hiyo haijui petroli ni kitu gani: inapima oksijeni iliyobaki ndani ya moshi, basi. Ikiikuta oksijeni nyingi, hupeleka habari kuwa hewa imezidi, na kompyuta huongeza mafuta bila kuuliza oksijeni hiyo imepitia mlango gani.

Milango ni zaidi ya mmoja, na ndiyo maana mafundi wako wawili wanaweza kuwa wakweli wote kwa pamoja. Hewa inaweza kuingilia mbele, kwenye mpira uliopasuka baada ya sensa ya hewa, ile inayoipima hewa inayoingia kwenye injini, na hapo mchanganyiko ni mwepesi kweli. Inaweza pia kuingilia nyuma, kwenye tundu la ekzosi lililo kabla ya sensa, kwa sababu moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje. Vilevile silinda moja ikimisi, yaani ikikosa kuwaka, kwa koili ya cheche au plagi mbovu, hewa iliyokuwa iungue hutoka nzima pamoja na petroli yake, na sensa huiona oksijeni peke yake. Katika hali hizi mbili za mwisho, injini haikuwa na upungufu wowote wa mafuta, lakini kompyuta imeshaanza kuyaongeza. Mashine itaandika kuwa mchanganyiko ni mwepesi huku plagi zikijaa masizi.

Yangu ilikuwa hivyohivyo. Fundi wa kwanza, hapa Ngamiani mjini Tanga, alisoma P0171 na kunipeleka moja kwa moja dukani kununua sensa iliyotumika. Taa ilizimwa kwa mashine, ikarudi baada ya siku nne. Fundi wa pili alisema kosa ni kununua mtumba, nikanunua mpya, na taa ikafanya yale ya Tanga yetu, waja leo waondoka leo. Hakuna kati yao aliyewahi kutazama namba nyingine yoyote kwenye mashine zaidi ya ile ya kosa, na hilo ndilo ninalolilalamikia hadi leo kuliko pesa zenyewe.

Namba ninazozungumzia ni za marekebisho ya mafuta, ambazo kwenye mashine huandikwa STFT, yaani marekebisho ya papo hapo, na LTFT, yaani yale ambayo kompyuta imeyazoea kwa muda. Husomwa kwa asilimia. Alama ya kujumlisha maana yake kompyuta inaongeza mafuta, na ya kutoa maana yake inapunguza. Jumla yake ikicheza ndani ya asilimia 10 upande wowote, huna la kuhofu. Ikipita 20, kuna jambo la kutafuta, ingawa kiwango cha kuwasha taa hutofautiana kati ya gari na gari. Vile vifaa vidogo vya bluetuthi vinavyosomwa kwa simu huzionyesha vizuri, ila baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hukataa kuzungumza navyo, na ikitokea hivyo itabidi utafute gereji yenye mashine kubwa.

Zisome injini ikiwa imepata moto kamili, kwanza ikiwa sailensa, kisha ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika kwa muda wa dakika moja hivi. Hewa ya wizi inayoingilia kwenye mpira uliopasuka huumiza zaidi injini ikiwa sailensa, kwa kuwa wakati huo injini inavuta hewa kidogo na ile ya wizi ni sehemu kubwa yake. Ukikanyaga, namba hushuka. Pampu iliyochoka au filta ya mafuta iliyoziba hufanya kinyume: sailensa iko sawa, namba hupanda kadiri injini inavyodai mafuta mengi. Langu lilisoma kujumlisha 24 likiwa sailensa na 9 kwenye 2,500, nikajiambia nimekwishaupata mpira uliopasuka. Nilishinda Jumamosi nzima nikinyunyizia maji kwa chupa kwenye kila kiungo cha manifoldi ya hewa (mabomba yanayoigawa hewa kwa silinda), kwa kuwa maji yakiliziba tundu kwa muda mfupi mlio wa injini hubadilika, lakini hakuna kilichobadilika. (Wapo wanaofanya jaribio hili kwa petroli juu ya injini ya moto. Tafadhali usiwaige.)

Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo ninapotaka utulie nami kidogo. Tundu la ekzosi kabla ya sensa hutoa sura ileile ya namba, juu ukiwa sailensa na chini ukikanyaga, kwa sababu moshi ukiwa mwingi na wenye nguvu, hewa inayodokolewa kutoka nje haina uzito tena. Namba peke yake hazitenganishi mambo haya mawili. Kinachoyatenganisha ni plagi na pua yako. Kama hewa ya wizi ingekuwa inaingilia mbele, mafuta yaliyoongezwa yangekuwa ndiyo stahiki yake, mchanganyiko ungekuwa umerudi mahali pake, na plagi zingetoka na rangi ya udongo mkavu. Lakini kama taarifa ya sensa ni ya uongo, yale mafuta ya nyongeza hayana hewa ya kuungua nayo. Piga hesabu kwa namba yangu: ongeza asilimia 24 kwenye petroli iliyokuwa sawasawa, na kilo 14.7 za hewa sasa zinakutana na kilo 1.24 za petroli, yaani takriban 11.9 kwa 1. Huo ni mchanganyiko mzito wa kutosha kuzipaka plagi masizi, kuupa moshi harufu ya petroli inayochoma macho na, ukiuacha muda mrefu, kuichanganya petroli na oili hadi kijiti cha kupimia oili kinuke.

Gari langu lilikuwa na dalili zote hizo. Niliamka alfajiri, nikaliwasha likiwa baridi kabisa, nikamwomba kijana wangu alizibe bomba la nyuma kwa tambara nene kwa sekunde chache, na mlio wa ts-ts-ts ukasikika wazi kutoka kwenye manifoldi ya ekzosi inaposhikana na silinda hedi. Fanya hivyo kabla bomba halijapata moto, maana baada ya dakika chache hutaweza kuligusa, na chuma kikitanuka tundu dogo huweza kujiziba lenyewe, ukajiona huna tatizo. Baada ya kufungua tuliikuta stadi moja, yaani bolti ya kuishikilia manifoldi, imekatika kwa kutu na gasketi ina njia nyeusi ya masizi pale moshi ulipokuwa ukipenya. Sisi tunaolaza magari Raskazone, upepo wa bahari ukiyapiga usiku kucha, tusishangae sana kuhusu kutu.

Kuhusu sensa yenyewe, kuna jaribio ambalo lingeniokolea fedha. Ile ya kawaida hutoa volti kati ya 0.1 na 0.9, na injini ikiwa ya moto hupanda na kushuka bila kutulia. Chomoa mpira mmoja mdogo wa vakyumu: volti inatakiwa kuanguka upesi kuelekea 0.1. Urudishe mpira, kisha pulizia dawa kidogo ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa: volti inatakiwa kuruka hadi 0.8 au zaidi. Ikifanya yote mawili bila kuchelewa, sensa ni nzima na inasema inachokiona. Magari mengine yana sensa ya kupima uwiano, ambayo haifuati namba hizi, kwa hiyo hakikisha kwanza yako ni ya aina gani.

Kwa kuwa gari lako linatetemeka, ningeanza na kumisi kabla ya ekzosi, kwani ndiko rahisi zaidi. Hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, na uangalie kama kosa linahama nayo. Mashine mara nyingi itataja silinda kwa namba kuanzia P0301 hadi P0304. Angalia pia kama weusi wa plagi ni masizi makavu au ni utelezi wa oili, kwa maana utelezi ni habari ya ringi au sili za valvu na hauhusiani na mjadala huu. Na kama safari zako ni za sokoni na kurudi, injini isipate moto kamili, plagi nyeusi kidogo ni jambo la kawaida.

Kuna aliyeuliza hapo juu kuhusu gari linalokosa nguvu mlimani tu. Huo ni ugonjwa mwingine. Noah ya shemeji yangu ilikuwa shwari hapa mjini, lakini kutoka Mombo kupanda Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona na mwinuko, ilikuwa ikikohoa na kupoteza nguvu, na marekebisho ya mafuta yakapanda kila alipokanyaga. Geji ya presha iliumaliza ubishi: presha ilianguka injini ilipodai mafuta, na filta ndani ya tangi ilikuwa imejaa uchafu. Sensa ya hewa iliyochafuka nayo huleta sura kama hiyo, kwa kuwa huhesabu hewa pungufu. Isafishwe kwa dawa yake maalumu, na mswaki ukae mbali nayo. Wenye pikapu za zamani za kabureta wajue kuwa huko juu, kwenye mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo kabureta iliyopimwa Tanga itakuwa nzito Lushoto bila kuharibika chochote.

Mafuta yakizidi kikwelikweli, marekebisho husoma kutoa, na namba ya kosa huwa P0172. Hapo ningeulizia themostati, ile valvu inayoyazuia maji hadi injini ipate moto, kabla ya nozeli. Mafundi wetu wengi huing'oa wakidhani wanaizuia injini isichemke, na matokeo yake injini inayozungushiwa maji muda wote haipati joto lake, na kompyuta huendelea kuimwagia mafuta kama ya kuwashia asubuhi. Sensa ya joto la maji ikisema uongo hufanya vilevile: linganisha joto inaloonyesha kwenye mashine na hali halisi kabla ya kuwasha, na kama hapo Muheza saa moja asubuhi inakuonyesha nyuzi 10, umeshampata mwongo wako. Filta ya hewa iliyochafuka mimi siipi uzito ambao watu huipa, kwa sababu kwenye gari la nozeli hewa ikipungua kompyuta hupunguza na mafuta.

Langu baada ya stadi mpya na gasketi mpya lilifutwa makosa, likazunguka siku tatu, na marekebisho yakatulia chini ya asilimia 5. Plagi zilizokuwa nyeusi zilipata rangi ya udongo baada ya tangi moja la mafuta. Sensa ile mpya niliiacha ilipo. Ile ya mtumba na ile ya asili iliyotoka na gari ziko kwenye droo, na ya asili niliijaribu baadaye ikafaulu bila wasiwasi wowote. Leta namba zako za sailensa na za 2,500 hapa tuzitazame pamoja. Na iwapo ya kwako itashindwa kweli jaribio la mpira na dawa, plagi ya nyaya zake ikilingana na ya kwangu, panda gari la Tanga uje uichukue hiyo ya asili.